Chumba cha Mwisho: Kusawazisha Joto katika Nyumba ya Mabati Kyuso

Ploti nyingi za kupangisha mjini Kyuso, kaunti ya Kitui, zina umbo moja: vyumba sita au nane vimepangwa mstari mmoja, kuta za matofali, na paa moja la mabati kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Kodi ya vyumba hivyo ni sawa, lakini joto lake si sawa. Saa tatu usiku mwezi wa Machi, mpangaji wa chumba cha katikati amekwisha kulala. Wa chumba cha mwisho, upande wa machweo, bado yuko nje kwenye mkeka na mtoto kifuani, anangoja kuta zipoe. Alfajiri ya Julai, huyo huyo wa chumba cha mwisho ndiye anayetafuta blanketi la pili.

Tofauti hiyo inaweza kupunguzwa sana, na kwa fedha ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Wala si jambo la starehe tu. Mtoto mchanga, mgonjwa, mzee na mama mjamzito huumia katika chumba kisichopoa, maana mwili unahitaji usiku ili utue baada ya joto la mchana. Linalonisikitisha ni kuona familia inakopa kununua feni kubwa kabla ya kujua joto linaingilia wapi. Feni hiyo inazungusha hewa ile ile ya moto, stima inalipiwa, na ukuta uliochoma chumba unaendelea kuchoma.

Joto huingia katika nyumba ya Kyuso kwa njia tatu: paa, ukuta na hewa. Kila njia ina saa zake, na saa hizo ndizo zitakazokuonyesha pa kuanzia.

Anza kwa kupima

Tafuta vipima joto vya ukutani, vile vya bei ya chini, kimoja kwa kila chumba na kimoja cha nje. Kabla ya kuvitundika, viweke vyote pamoja juu ya meza moja usiku kucha, kisha asubuhi uvisome. Vipima joto vya bei hii hutofautiana. Kimoja kinaweza kusoma nyuzi mbili zaidi ya jirani yake hapo hapo mezani. Andika tofauti hiyo kwa kalamu mgongoni mwa kila kimoja ili uitoe kila unaposoma. Bila hatua hii utahangaika kutibu chumba ambacho shida yake ilikuwa kipima joto.

Vitundike usawa wa kitanda, kwenye ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba, mbali na dirisha na mbali na jiko. Cha nje kikae kivulini chini ya paa. Soma saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku, kwa siku chache zenye jua kali, uandike kwenye daftari.

Chumba kinachowaka saa nane mchana, halafu kikapoa haraka jua likishatua, kinaunguzwa na paa. Bati ni jembamba, halina akiba: jua likiondoka na joto lake linaondoka. Chumba ambacho saa nane kilivumilika lakini saa tatu usiku kimekuwa tanuri, shida yake ni ukuta. Kinachopanda joto kila wakati jirani anapowasha jiko, shida yake ni hewa inayopita juu ya kuta, chini ya mabati. Na mkono wako ni kipimo kizuri: saa tatu usiku bandika kiganja kwenye kuta zote nne. Ukuta wa machweo utakuwa na joto la mwili wa mtu mwenye homa, wakati ule wa upande wa pili ni baridi.

Paa

Kyuso iko karibu mno na ikweta, kwa hiyo mwezi wa Machi na mwezi wa Septemba jua la saa sita hupita utosini. Paa ndilo linalopigwa na jua kuliko ukuta wowote, na bati lililolala juani siku tulivu linaweza kupita nyuzi 60. Bati hilo haliishii kupasha hewa. Linamulika joto moja kwa moja kichwani mwa aliye chini yake, ndiyo sababu unaweza kufungua madirisha yote na bado ukahisi utosi unaungua.

Mafundi wengi watakuambia ununue bati la geji nene. Geji nene hudumu zaidi na huhimili upepo, lakini kwa joto haina msaada wa maana, kwa sababu chuma hupitisha joto, kiwe chembamba au kinene. Kinachohesabika ni rangi ya juu na kilichopo chini. Mabati ya rangi ya maruni, kijani kibichi na kijivu cheusi yamependwa sana miaka hii. Yanapendeza machoni, lakini rangi nzito hunywa jua. Anayejenga upya katika nchi ya jua kama hii achague nyeupe au krimu. Na bati la kawaida lisilo na rangi nalo lina hila yake: likiwa jipya hurudisha sehemu kubwa ya mwanga, ila joto kidogo linaloingia haliachii kwa urahisi, na likianza kushika kutu hunywa jua zaidi mwaka baada ya mwaka. Rangi nyeupe hufanya yote mawili, hurudisha mwanga na huachia joto.

Kwa hiyo kama daftari lako linalaumu paa, dawa ya kwanza ni kulipaka rangi nyeupe. Hapa lazima tukumbuke jambo moja ambalo mtu wa Nairobi hawezi kulifikiria: paa la Kyuso ni chanzo cha maji. Kinachopakwa juu kitaishia kwenye tangi, na kutoka tangi hadi kikombeni. Usitumie rangi ya mafuta iliyobaki kwenye mkebe usiojua historia yake. Usitumie chokaa pia. Ni rahisi, ni nyeupe, lakini mvua huiosha, inaingia tangini na inakula zinki ya bati. Nunua rangi ya maji ya mabati, na usome kwenye mkebe kama inafaa kwa paa linalovuna maji ya kunywa. Kisha chomoa bomba la kuingilia tangini na uliache hivyo mpaka mvua za kwanza ziwe zimeosha paa.

Kazi yenyewe ifanywe asubuhi mapema, bati likiwa bado baridi na umande umekauka. Rangi iliyopakwa adhuhuri hukauka kabla ya kushika, na baada ya msimu mmoja inabambuka kama ngozi ya kenge. Sugua kutu kwa brashi ya waya, osha vumbi, paka dawa ya kutu pale palipoliwa, kisha rangi mikono miwili. Fundi akanyage kwenye mistari ya misumari tu, maana hapo ndipo kuna mbao chini yake. Akikanyaga katikati atapinda bati na utakuwa umenunua kuvuja. Kila mwaka, kabla ya mvua za Oktoba, lifagie paa. Vumbi jekundu la barabara hupunguza weupe haraka, na kulisafisha ni faida kwa paa na kwa maji pia.

Dawa ya pili ni dari. Dari ya mbao laini, plaiwudi au jipsamu hukinga mmuliko wa bati, na ukitandika juu yake karatasi inayong'aa, ile ya foili inayouzwa kwa mikunjo, nafuu huwa kubwa zaidi. Lakini foili haifanyi kazi ikigusana na bati. Inahitaji nafasi ya hewa ya angalau sentimita mbili na nusu kati ya uso wake unaong'aa na kilicho mbele yake; ikigusa, chuma huipitishia joto kama vile haipo. Wasafiri wa zamani walijua thamani ya nafasi hii. Baadhi ya magari ya Land Rover ya Series yalitengenezwa na paa la pili juu ya lile la kwanza, na upepo ukipita katikati, ili abiria wasiokwe na jua la nchi kama zetu.

Nafasi kati ya dari na bati iwe na pa kutolea hewa: acha mwanya chini ya paa upande mmoja, na matundu kwenye pembetatu ya ukuta upande wa pili, yote yakiwa na wavu wa waya. Wavu usikosekane. Popo, panya na nyoka wanaijua nafasi hiyo kuliko fundi. Na usitandike maboksi wala mikeka juu ya dari kwa kubana matumizi; mchwa wa huku watayafikia, na penye taa ya mafuta au waya mbovu wa stima ni kiberiti kinachongoja.

Jambo moja katika ploti hizi hufichwa na dari zisizokamilika. Kuta za kugawanya vyumba mara nyingi huishia usawa wa mbao za kenchi, hazifiki kwenye bati. Juu yake pamebaki njia moja ndefu ya hewa kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Joto na moshi wa jiko la namba mbili husafiri hadi namba sita. Ukiweka dari chumbani mwako, ziba kingo zake zote kwa mbao nyembamba na sementi, la sivyo hewa ya jirani itaendelea kushuka kwako kupitia pembeni.

Ukuta wa machweo

Huu ndio ukuta ambao wengi hawaushuku, na katika ploti ndio huwatesa wa chumba cha mwisho. Ukuta wa tofali hupokea jua la alasiri, unalihifadhi, na baada ya saa kama tano au sita unaliachia ndani. Jua la saa tisa na saa kumi linakufikia kitandani saa tatu usiku. Wa chumba cha katikati hana ukuta huo, ndiyo sababu yeye analala.

Paa lililotokeza nje haliukingi. Kwa ukuta wa kaskazini na wa kusini lina msaada mkubwa: Juni jua la saa sita huegemea kaskazini, upande wa Tseikuru, Desemba huegemea kusini, upande wa Mwingi, na hata siku linapoegemea zaidi, paa lililotokeza sentimita 60 linatia kivuli cha zaidi ya mita moja na robo ukutani. Lakini upande wa machweo jua huja limelala. Saa kumi jioni paa hilo hilo la sentimita 60 linatoa kivuli cha sentimita 45 tu, na kufikia saa kumi na moja ni kama sentimita 25. Ukuta wote uliobaki uko juani. Kinachoweza kuukinga ni kitu kinachosimama mbele yake.

Chokaa niliyoikataza juu ya paa, hapa ndipo mahali pake. Paka ukuta wa machweo kwa nje, pamoja na ile pembetatu ya juu, mikono miwili au mitatu, ukitia chumvi kidogo ili ishike. Ni kazi ya asubuhi moja na hakuna inayoshinda unafuu wake kwa bei.

Halafu simamisha kivuli. Wavu wa kivuli, ule wa kufunikia vitalu vya miche, ukifungwa kwenye nguzo nusu mita kutoka ukutani unafanya kazi nzuri. Nusu mita hiyo ni lazima, ili hewa ipande katikati na kuondoka na joto. Wavu uliobandikwa ukutani ni nguo tu. Asiye na pesa ya wavu ana mabua ya mtama. Mazao ya mvua za Oktoba hadi Desemba huvunwa Januari na Februari, kwa hiyo mabua huwa tayari wakati huo huo joto la Februari na Machi linapobisha hodi. Najua ng'ombe nao wanayangoja. Mashada machache ya mabua manene yaliyokwisha kukauka, ambayo ng'ombe huyaacha, yanatosha kuziba mita tatu za ukuta yakifungwa kwa kamba ya mkonge, na yakioza au yakiliwa na mchwa unaweka mengine mwaka ujao.

Anayemiliki mahali apande mti. Mukau ni wa huku huku, mbao zake hazipendwi na mchwa, na taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeshughulika kwa miaka na miche bora ya mukau katika kituo chake cha Tiva, Kitui. Ila mukau hupukutisha majani wakati wa ukame, kwa hiyo kwa ajili ya kivuli cha ukuta ningeweka mwarobaini au mwembe karibu yake. Panda mita nne au tano kutoka ukutani, upande wa machweo, na usiruhusu tawi lifike juu ya paa. Majani na mavi ya ndege yataingia tangini.

Hata kabla ya chokaa na mti, kuna hatua isiyogharimu kitu: hamisha vitu. Mwenye vyumba viwili alale kile cha mashariki au cha katikati, na cha machweo akifanye stoo na mahali pa kupikia. Mwenye chumba kimoja asogeze kitanda mbali na ukuta wa jua, aweke kabati au magunia ya ndengu upande ule, yakiwa juu ya mbao na shubiri mbili kutoka ukutani. Ndengu za kuuza hazitadhurika zikiwa zimekauka vizuri na kufungwa barabara. Mbegu za kupanda zisikae huko kamwe. Joto huua uhai wa mbegu kimya kimya, nawe utalijua shambani mvua ikishanyesha. Mbegu zipate chumba baridi kuliko vyote, kama mtoto anavyopata.

Hewa na feni

Mchana, hewa ya nje ikizidi ya ndani, funga madirisha. Watu hushangaa nikisema hivi, lakini daftari litakuonyesha: saa nane kipima joto cha nje kikisoma zaidi ya cha ndani, kila dirisha lililo wazi linaingiza joto. Fungua yote jioni nje kukishapoa, na uyaache mpaka asubuhi kwa kadiri usalama unavyoruhusu.

Hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja na mlango upande mmoja kinahitaji tundu la pili juu, upande wa pili wa chumba. Matofali manne ya matundu chini ya dari yanatosha. Upepo wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka upande wa mashariki, kwa hiyo pa kuingilia pawe mashariki na pa kutokea magharibi. Na wavu wa mbu usiondolewe kwa ajili ya hewa. Uoshe. Wavu uliojaa vumbi unazuia hewa kama kitambaa, na watu hulaumu dirisha.

Sasa feni ina kazi. Katika nyumba yenye chumba moto na chumba baridi, usiielekeze kitandani kwanza. Jioni iweke kwenye dirisha la chumba moto ikitazama nje, fungua mlango wa katikati, fungua dirisha la chumba baridi, funga mengine yote. Feni itatoa hewa ya moto na kuvuta ya baridi kupitia nyumba nzima. Hata feni ndogo ya sola ya volti 12 inaweza kazi hii, kwa sababu haipambani na joto, inalionyesha mlango. Ukilala unaweza kuigeuza ikupulizie. Lakini siku ambayo hewa yenyewe inakaribia joto la mwili, nyuzi 37, usimtegemeze mzee au mtoto kwa feni tu. Mpe maji, mfute kwa kitambaa chenye maji, mpeleke kivulini chini ya mti.

Gunia lililoloweshwa na kutundikwa dirishani hupoza kweli, kwa kuwa hewa ya huku ni kavu. Mahali ambapo maji hubebwa na punda, nalihifadhi kwa chumba cha mgonjwa.

Baridi ya Julai

Usiku wa Juni hadi Agosti mambo hugeuka. Anga likiwa wazi, bati huachia joto lake juu na linaweza kuwa baridi kuliko hewa yenyewe; asubuhi unakuta matone upande wa ndani. Ile ile dari iliyokinga jua inakinga baridi hii, na ule ukuta wa machweo uliolaaniwa Machi sasa ni rafiki: toa wavu wa kivuli Juni, uurudishe Agosti ikiisha. Ziba nyufa za mlango kwa kitambaa, lakini tundu la juu libaki wazi.

Usiingize jiko la makaa chumbani mkalala nalo. Makaa yanayowaka bila moshi hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Mwenye kuamka na kichwa kizito na kichefuchefu atoke nje mara moja, awatoe na wengine. Anayetaka joto ajaze maji ya moto kwenye chupa, aifunge kwa kitambaa, aiweke miguuni.

Kontena, kibanda na gari

Kontena la duka, kibanda cha mabati pande zote, na gari la kulala ndani kama yale yanayopita kuelekea mbuga ya Kora, yote ni nyumba isiyo na ukuta wa tofali. Kila upande ni paa. Rangi nyeupe, foili yenye nafasi ya hewa na kivuli cha nje ndivyo vinavyosaidia, kwa mpangilio huo huo. Kontena likalishwe juu ya mawe lisiguse ardhi, upande wake mfupi ukitazama machweo. Gari nalo liegeshwe hivyo, mkia au pua upande wa jua la jioni, na turubai lifungwe juu yake bila kugusa bati. Injini isiachwe ikinguruma usiku kwa ajili ya kipoza hewa watu wakiwa wamelala ndani; hatari yake ni ile ile ya makaa.

Kwa mpangaji, ugumu ni kwamba paa si lake. Mpelekee mwenye ploti daftari, umwonyeshe saa tatu usiku chumba cha kwanza kimesoma ngapi na cha mwisho ngapi. Mwambie, "Mzee, nipe rangi, mimi nitatafuta fundi," au mkubaliane chokaa na wavu vikatwe kwenye kodi ya mwezi mmoja, na muandike. Kazi ya paa ifanyike Agosti au mapema Septemba, bati likiwa kavu na joto la Oktoba halijafika. Mkimaliza, pimeni tena saa zile zile. Tofauti ya nyuzi mbili kati ya chumba na chumba usiku si ya kuhangaikia. Ikibaki nne au tano, rudi kwenye ukuta wa machweo na kiganja chako, utafute sehemu ambayo kivuli hakikufika.